Baiskeli ya Babu ni ya Mwaka Gani?

Huenda kule mashambani, nyuma ya ghala, kuna baiskeli ya babu inayoliwa na kutu. Msomaji, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, chukua kitambaa uipanguse na kuitazama vyema.

Anza mbele, chini ya usukani, panapowekwa nembo. Kichwa cha korongo ni alama ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Ikiwa nembo imeng'oka, tazama chuma cha meno kinachozungushwa na pedali. Raleigh walikikata kwa umbo la vichwa vya korongo, Rudge mkono wa mtu, nao BSA herufi zao tatu.

Lakini tahadhari! Raleigh iliinunua Rudge mwaka wa 1943 na baiskeli za BSA mwaka wa 1957, ikaendelea kutumia majina hayo. Jina pekee halitoshi.

Na umri je? Kama ina gia za Sturmey-Archer, pangusa grisi kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, pale spoki zinapoanzia. Maandishi "AW 58" yana maana kwamba kitovu hicho kiliundwa mwaka wa 1958. Hata hivyo, gurudumu huenda lilibadilishwa baadaye. Kwa hivyo, nakili pia nambari iliyogongwa kwenye fremu, karibu na kiti au chini ya pedali.

Usikimbilie kuipaka rangi mpya, kwani utafunika ushahidi. Kisha muulize nyanya: je, babu aliinunua kabla ya harusi yao au baadaye? Muulize angalipo.