Mfereji Ukikauka

Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari lakini maji ya kunywa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Marere huko Kwale, na Baricho upande wa Kilifi. Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Likipasuka popote, mifereji ya Mji wa Kale yanyamaza.

Siku hizo ndipo akili hufanya kazi. Kwanza, maji gani kwa kazi gani? Ya kisima yana chumvi. Yafaa kufulia na kupigia deki, lakini chai yake haishuki kooni. Ya mwenye mkokoteni ni ya kunywa na kupikia. Yaliyooshea mchele humwagwa chooni.

Swali gumu ni hili: nani achote kwanza? Mtaani kwetu mwenye mitungi kumi alimaliza kisima, na bibi mmoja mzee wa ghorofa ya juu akakosa hata ndoo. Ugomvi kila asubuhi! Hatimaye kina mama walikaa barazani wakakata shauri: kila nyumba mitungi miwili kwanza, halafu mzunguko wa pili. Sisi wavulana tukapewa zamu ya kumpelekea yule bibi.

Naona kujitatulia shida zako kunakupa ujanja tu. Kumtatulia mwenzio kunakupa busara, kwani lazima uifikirie shida isiyokuuma. Zile ngazi ni nyembamba, tena kiza, si mchezo. Basi mwenzetu mmoja akafunga kamba dirishani, tukawa twavuta mitungi iliyojazwa nusu kutoka nje. Bibi mwenyewe husimama juu akitugombeza tusimwage.