Kiwavi wa mkia kwenye kahawa, na ndugu zake wanaopiga ngoma juu ya majani

Kwa mkulima anayetunza miti ya robusta upande wa Wamaza, Kasongo ao Kabambare, kusini mwa Maniema, kuna kiwavi mmoja anayefaa kujulikana kwa sura. Mbele amevimba mgongoni kama mwenye kibyongo, nyuma anakwisha kwa mkia mrefu uliochongoka. Hagusi matunda. Anakula majani, na anapokuja kwa wingi mti unaweza kubaki matawi matupu.

Wataalamu wanamwita Epicampoptera. Ni jina la kundi zima la vipepeo wa usiku, ao nondo, wa Afrika. Aina zinazoitwa strandi na marantica zinajulikana kwenye kahawa ya Afrika ya kati na ya magharibi. Kenya na Tanzania wana ya kwao, andersoni. Robusta yenyewe ni mwenyeji wa Kongo: mwaka 1900 ilipewa jina la kisayansi la Emile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea katika nchi yetu, na wauzaji wa miche wa Brussels ndio walioitangaza kwa jina la robusta. Nondo huyu si mgeni aliyeletwa na meli. Ni mwenyeji anayekula mti mwenyeji, ila sisi tumeipanda miti hiyo kwa mistari, mmoja karibu na mwingine, na hivyo tumemwandalia meza.

Jamaa anayotoka ina aina zaidi ya 600 duniani. Wengi wao ncha ya bawa la mbele imepinda kama ndoana ya kuvulia samaki, na ndiyo maana Wazungu waliwapa jina la ndoana. Akitua, kwa rangi yake ya kahawia, unaweza kudhani ni jani kavu. Aina za Afrika zilipangwa upya na Mwingereza Allan Watson mwaka 1965, katika kitabu kilichotolewa na makumbusho ya London. Hapo ndipo mtu anapoona jambo lisilopendeza: anayetaka kulinganisha nondo wa Kongo na wale waliokwisha kupewa majina, mara nyingi anapaswa kubisha mlango wa London ao wa Tervuren, Ubelgiji.

Lakini habari za ajabu kuhusu jamaa hii zimetoka Kanada. Jayne Yack, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, amechunguza kwa miaka mingi viwavi wa aina ya Drepana arcuata, wanaoishi juu ya majani ya bulo, mti wa nchi za baridi wenye ganda jeupe. Kiwavi huyo hujenga kibanda chake kwa kukunja jani na kulishona na nyuzi anazotoa mdomoni. Mwaka 2001 Yack na wenzake walieleza kinachotokea mwingine anapotaka kuingia: mwenye nyumba anapiga jani kwa taya, analikwaruza kwa taya, kisha analikwaruza tena kwa nywele ngumu zenye umbo la kasia zilizo nyuma ya mwili. Kadiri mgeni anavyokaribia, ndivyo anavyozidisha. Mara nyingi mgeni anarudi alikotoka, bila hata mmoja kuumwa.

Mtetemo huo unapita ndani ya jani. Watafiti waliunasa kwa chombo cha leza kinachopima mtikisiko mdogo sana.

Mwaka 2010 wakaonyesha ilikotoka ngoma hiyo. Ndugu mmoja wa jamaa hii, Tethea or, bado ana miguu ya nyuma. Akiona mgeni anamwendea, anamsukuma na kumuuma. Wale wanaopiga ngoma wamepoteza miguu hiyo, na mwendo wa kumfuata adui umegeuka kuwa mkwaruzo wa kumwonya. Kwa maneno mengine, ugomvi uligeuka kuwa ishara. Mwaka 2017 ikafuata habari nyingine: wakingali wachanga, viwavi haohao wa Drepana hukaa kwa vikundi, na mitetemo yao inawaita wenzao kwenye chakula na kwenye kibanda.

Nondo mkubwa naye ana sikio, na liko tumboni. Mwaka 2003 Annemarie Surlykke wa Denmark, pamoja na Yack na wengine, walipima masikio hayo na kukuta yanasikia sauti za juu sana ambazo mtu hazisikii, zile ambazo popo hupiga anapowinda usiku.

Elimu hii haikuhitaji msitu wa mbali. Ilihitaji majani, viwavi, na mtu mwenye subira ya kuketi mbele yao. Majani ya kahawa yapo kwetu, na kituo cha Yangambi karibu na Kisangani, kilichoanzishwa chini ya INEAC mwaka 1933 na leo kiko mikononi mwa INERA, kina historia ndefu ya kuchunguza robusta.

Kwa anayelima, kazi ya kwanza ni macho. Wale viwavi wengi wanaouzwa sokoni kwa chakula ni wa jamaa nyingine. Huyu wa mkia asichanganywe nao. Geuza majani, hasa yale yenye matundu mapya. Wakiwa wachache, waokote kwa mkono. Kukimbilia dawa kunaua pia nyigu wadogo na nzi wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Ukimkuta kiwavi aliyelegea, mgongoni amebeba vifuko vyeupe kama punje za mchele, mwache palepale: hali tena, na nyigu watakaotoka katika vifuko hivyo watakwenda kutafuta wenzake.