Lamlenga Nani?

Usiku wa taarabu katika Mji wa Kale wa Mombasa huisha mara mbili. Mara ya kwanza ni pale mwimbaji anapoutia udi wake mfukoni, viti vikakunjwa na turubai likashushwa. Mara ya pili hakuna ajuaye ni lini. Wanaume wanne watano watakuwa wamebaki kwenye baraza ya mawe na vikombe vya kahawa chungu, asubuhi wengine watayaendeleza yaleyale mbele ya mahamri na mbaazi, na ndani ya nyumba wanawake nao watakuwa na kikao chao. Swali linalowaweka macho ni moja: "Lile shairi la tatu, lamlenga nani?"

Desturi hii ya kulichambua shairi baada ya kulisikia imeandikwa kidogo mno kuliko taarabu yenyewe. Habari za Siti binti Saad na santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 tunazo. Habari za kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, tunazo pia. Msikilizaji hutajwa kwa kupita tu, aliyeketi akafurahi akaenda zake. Naona si haki. Kwetu pwani msikilizaji ana kazi yake na adabu zake, na asipoifanya kazi hiyo wimbo hubaki nusu.

Kazi hiyo huonekana vizuri zaidi mwimbaji anapokaa peke yake na udi. Penye fidla, ganuni, nai na kodiani, mtu anaweza kustarehe na mawimbi ya ala na maneno yakampita. Udi mmoja hauruhusu hilo. Una tumbo la mviringo, shingo fupi yenye kichwa kilichovunjwa kwa nyuma, nyuzi kumi na moja, na sauti ya chini inayoyapisha maneno. Kabla ya udi kuenea, Lamu ilikuwa na kibangala, kidogo zaidi na chenye uso wa ngozi, nacho kilifanya kazi ileile ya kumsindikiza mtu na maneno yake.

Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1939, aliyefanya maisha yake Mombasa na kufariki mwaka 2016, ndiye aliyetufunza wengi wetu kusikiliza namna hiyo. Alianza kwa kuzipapasa nyuzi bila haraka, akipanda na kushuka ndani ya maqamu moja, yaani mpango mmoja wa sauti, na mkutano mzima ukanyamaza bila kuambiwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Maneno yake yalitoka kamili, kila silabi na haki yake, na mzee aliyekaa mbali aliweza kuyakariri kesho yake bila kukosea.

Inafaa nieleze jinsi mstari unavyopita, kwa kuwa humo ndimo mambo yote yalimo. Mstari wa shairi una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina katikati na mwisho. Mwimbaji wa udi hauimbi mara moja akaondoka. Huuimba, akaurudia, kisha akauachia udi useme peke yake kitambo, ndipo akaingia mstari wa pili. Katika kitambo kile msikilizaji yuko kazini. Kina ameshakisikia, anajua mstari ujao utaangukia wapi, na anaanza kukisia neno. Likija neno alilolitarajia, hutikisa kichwa. Likija neno lenye maana mbili ambalo hakuna aliyelidhania, hapo utasikia "Allah!" kutoka pembeni, na mwingine "Irudiye hiyo!", na mwimbaji fundi huirudia kwa sauti iliyobadilika kidogo ili maana ya pili nayo ipate nafasi. Nimewaona watu wazima wakifumba macho katika kitambo hicho. Wageni hudhani ni usingizi.

Katika harusi za Mombasa na Lamu wanaume na wanawake hawakai pamoja. Wanaume wako uchochoroni chini ya turubai. Wanawake wako madirishani, kwenye roshani, au nyuma ya pazia. Vidole vya mpigaji udi hawavioni, lakini hakuna neno linalowapita. Mara nyingi wao ndio wanaojua kwanza, kwa sababu mambo ya majumbani yanayotungiwa mashairi hupita kwao kabla ya kumfikia mtunzi. Vigelegele vikipasuka huko juu kwenye ubeti fulani, walio chini hugeuza vichwa: kuna neno limetua mahali pake.

Kisha kuna kutunza. Mtu anayetaka kutunza haendi mbio. Huinuka taratibu, noti ameikunja kwa urefu na kuibana kati ya vidole viwili, mkono umeinuka usawa wa uso ili kila mtu aione. Wanawake, wanapokuwa kwenye shughuli yao, hwenda kwa mwendo wa mdundo, bega moja likitangulia, na akifika mbele mtu huiweka noti pale alipo mwimbaji, haongei, akageuka na kurudi kwa mwendo uleule. Mwimbaji haachi kuimba. Lakini ubeti ambao mtu aliuchagua kuinukia umeshaingia katika kumbukumbu za watu. Aliyeinuka kwenye ubeti wa subira amesema jambo kuhusu nyumba yake. Aliyeinuka kwenye ubeti wa rafiki mwenye ndimi mbili amesema jambo zito zaidi, na kama wakati wa kurudi alitupa jicho upande fulani, hata maelezo hayahitajiki. Noti yenyewe inaweza kuwa ndogo kabisa. Kesho hakuna atakayeuliza alitoa kiasi gani. Watauliza alisimama wapi.

Sasa twende barazani, maana hapo ndipo nataka kukaa.

Muuza kahawa amekwishapita na dele lake, anagongesha vikombe. Kuna kashata, labda na halua iliyosalia ya harusini. Anayeanza mara nyingi ni kijana, kwa kuwa haoni vibaya kukosea.

"Ami, yule ndege aliyetajwa ubeti wa pili, nadhani ni mke aliyeachwa."

"Ndege gani wa kuachwa ajengaye kwa saruji? Hukusikia saruji?"

"Nalisikia, ami."

"Basi uliza nani kajenga mwaka huu."

Hapo watu hucheka, kisha mmoja hukariri ubeti mzima taratibu, na mwingine humsahihisha neno kwa kuliimba lilivyoimbwa. Kuliimba, maana hapo barazani tuni huhesabiwa kuwa ushahidi: silabi ilivutwa wapi, sauti ilikatwa wapi, mwimbaji alirudia nusu ipi ya mstari. Wako wanaosikiliza zaidi mkono. Hao watakwambia kwamba baina ya ubeti wa tatu na wa nne udi ulihama maqamu, na kwamba kuhama kule hakukuwa bure. Wako wanaopima mizani kwa vidole vya mkono na kunung'unika kwamba mtunzi alibana neno ili litoshe. Ni ukali wa watu wanaopenda. Sijapata kusikia uchambuzi wa fasihi uliokuwa makini kuliko ule, na waliokuwa wakiufanya walikuwa mafundi cherehani, makarani wa bandarini na wavuvi.

Kikao hicho kina miiko. Jina la mlengwa halitamkwi. Atatajwa kwa mtaa, kwa kazi yake, kwa ukoo wa upande wa babu, mpaka kila mtu amejua na hakuna aliyesema. Mwimbaji mwenyewe, akipita hapo, haulizwi. Atakaribishwa kikombe, atasifiwa sauti, na mazungumzo yatageuzwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na ni aibu kumlazimisha mtu kuifichua. Sababu ni kwamba maneno mara nyingi si yake pekee. Ustadh Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, mshairi wa *Malenga wa Mvita*. Na mshairi naye huendewa nyumbani na mtu aliyedhulumiwa, aliyependa asipendwe, au aliyesalitiwa na ndugu, akamweleza yaliyomsibu ili yatungwe. Anayeleta jambo lake kwa mtunzi anamwamini kama anavyomwamini kadhi. Ndiyo maana kuuliza "lamlenga nani" kunaruhusiwa, na kujibu kwa jina hakuruhusiwi.

Watu hawakubaliani, na hilo ni jema. Shairi moja huondoka barazani na maana tatu, na zote tatu zikaenda mitaani. Mwaka mmoja baadaye, katika harusi nyingine, shairi lilelile litaimbwa na litamchoma mtu ambaye mtunzi hakupata hata kumjua. Nadhani mtunzi mzuri hulikusudia hilo: anafungua jambo la mtu mmoja kiasi cha kutosha wengine kuingia.

Haya si mambo ya jana. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa Lamu na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa Liyongo yumo gerezani na anataka mamaye amtilie tupa ndani ya mkate wa wishwa. Ujumbe anampa kijakazi Saada kwa wimbo, mbele ya walinzi. Walinzi wana masikio na lugha ni yao, lakini wimbo haukuwa wao. Tupa ikaja. Kisha, watu wakivuma ngoma ya gungu kwa ala na matoazi, yeye akakata minyororo na hakuna aliyesikia. Kila mtu wa pwani aliyeketi kusikiliza udi anajua kwamba anaweza kuwa Saada, na anaweza kuwa mlinzi, na hataki kuwa mlinzi.

Tena kuna Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa baina ya 1776 na 1840 na kuyatungia mashairi mambo ya mji, vita, madeni, wanawake na wivu wa jirani. Diwani yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940. Lakini kilichoyafanya mashairi yale yasomeke ni kazi ya Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, aliyeyakusanya katika karne ya 19 pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, akaeleza hili lilitungwa kwa sababu gani na lile lilijibiwa na nani. Ukiyaondoa maelezo hayo, mengi yanabaki mafumbo matupu. Nami nayaona maelezo yale kuwa ni mazungumzo ya barazani yaliyobahatika kupata kalamu.

Zein aliijua thamani ya maelezo ya namna hiyo. Alishirikiana na Sheikh Ahmed Nabhany, mwanazuoni na mshairi wa Lamu, kuyatafuta mashairi ya zamani na kuyarudisha kwenye udi. Nabhany alikuwa na maneno na habari zake, Zein alikuwa na sauti. Wasikilizaji wa Mombasa wakawa wanachambua malumbano ya watu waliokufa zamani kwa hamu ileile ya mambo ya mtaani, na vijana wakawauliza wazee maana ya maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ambayo nyumbani yalikuwa yamekwishaanza kusahaulika.

Baadaye ukaja mkanda. Duka la Assanand lilikuwa limetoa santuri za lebo ya Mzuri, na Mbwana Radio Service ikauza kaseti za waimbaji wa Mombasa kwa miaka mingi. Watu nao waliweka redio kaseti zao chini ya kipaza sauti harusini na kurekodi usiku mzima. Ukiisikiliza mikanda hiyo leo unasikia zaidi ya udi: kikohozi, mtoto anayelia, kiti kinachovutwa, na yule bwana wa "Irudiye!" ambaye hujui ni nani. Mikanda hiyo ilivuka bahari mpaka Muscat na Dubai, kwa jamaa waliohamia huko, na huko nako watu walikaa sebuleni na kuulizana swali lilelile, wakapiga simu Mombasa kutafuta jibu.

Siku hizi kuna video ya simu, ubeti mmoja wa sekunde chache, na alama ya moyo chini yake. Sina ugomvi na simu, maana imewafikishia vijana sauti ambazo wasingezipata. Ninachokilalamikia ni kwamba wimbo unafika bila usiku wake. Hatujui uliimbwa wapi, nani aliinuka, nani alinyamaza. Hata kwenye matamasha makubwa, kama Sauti za Busara pale Unguja, udi hupigiwa makofi marefu na ya kweli, lakini wengi wa wanaopiga makofi hawana baraza ya kurejea.

Zein alifariki mwaka 2016 na Nabhany akamfuata mwaka 2017. Wazee waliosikiliza pamoja nao bado wapo, wachache, na wanakumbuka. Mwenye kaseti ya usiku wowote wa udi, naomba aandike juu ya ganda lake harusi ilikuwa ya nani, mtaa gani, mwaka gani, na shairi ni la mtunzi yupi. Kisha aichukue kwa mzee mmoja, waisikilize pamoja mpaka mwisho, na anayoyasema mzee yaandikwe pia. Jina la mlengwa, ikiwa wahusika bado wako hai, liandikwe kwenye karatasi mbali, na karatasi ifungwe.