Mtoto Anapovunjika Moyo Mbali na Baraza

Jamaa nyingi za kwetu sasa zina tawi Thika au Ruiru. Baba amepata kazi kiwandani au katika afisi ya Nairobi, mama anafundisha au anauza nguo, na watoto wamehamishwa shule. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012, kulala Ruiru na kufanya kazi Nairobi limekuwa jambo la kawaida, na nyumba za kupanga zimeota mahali palipokuwa na mikahawa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 371,000 katika kaunti ndogo ya Ruiru pekee. Miongoni mwao wamo watoto wetu, na habari zao ndizo tunazotaka kuzizungumza wiki hii. Alama zao tutaziacha kando kwa leo. Tunauliza juu ya mioyo yao: wakiumia, wanakwenda wapi?

Mtoto wa Mji wa Kale au wa Kisauni aliyegombana na mwenziwe, au aliyesahau sura mbele ya maalim akachekwa na chuo kizima, alikuwa na watu wengi wa kuwapitia kabla hajafika kwa mama yake. Alimkuta bibi ukumbini akichagua mchele. Alimkuta mama mkubwa uwani. Alimkuta mzee wa barazani ambaye hakuwa ndugu wa damu, lakini alimjua kwa jina lake na kwa jina la babu yake. Kila mmoja alimgusa kidogo: huyu alimtania, huyu alimpa kaimati, yule alimsimulia jinsi baba yake naye alivyolia siku kama hiyo. Ilipoadhiniwa Magharibi, uchungu ulikuwa umekwisha kugawanywa kwa watu watano. Hakuna aliyeyapa hayo jina la elimu ya malezi. Ulikuwa mtaa tu.

Mtoto wa Ruiru hushuka kwenye gari la shule saa kumi na nusu, hupanda ngazi hadi orofa ya nne, hufunguliwa mlango na dada wa kazi, ambaye naye ni msichana aliye mbali na kwao, kisha huketi mbele ya televisheni. Mama hufika baada ya Isha, miguu imevimba, maana msongamano wa magari ulianza Githurai. Wakati huo uchungu wa saa nne asubuhi umekwisha kuchacha. Mtoto huulizwa swali lile lile la kila siku, “Shule ilikuwaje?”, naye hujibu jibu lile lile, “Poa.” Neno hilo moja, katika kinywa cha mtoto wa miaka tisa, ni nyumba yenye vyumba vingi, na vingi vyake vimefungwa.

Hatuyasemi haya kuwalaumu wazazi. Kodi ya nyumba haingoji, na wengi wamehama kwa ajili ya watoto hao hao. Tunasema kwamba kitu tulichokuwa tukipewa bure na mtaa, huko hakipo mlangoni, na asiyekitengeneza kwa makusudi atashangaa siku moja kuona mtoto wake anavunjika kwa jambo dogo.

Tunayoyasikia kwa akina mama wa huko ni majibu ya namna mbili. Wako wanaoamini kwamba bara kuna shida, kwa hiyo mtoto akaushwe mapema: asilie, asilalamike, akipigwa apige, akishindwa aambiwe ukweli wake mchungu. Wako wengine ambao, kwa kumhurumia mtoto aliyetengwa na bibi yake, humfunika kabisa: humfanyia kazi ya nyumbani ya shule, humpigia simu mwalimu kwa kila neno, humnunulia simu ili asihuzunike. Wa kwanza huyaita matunda yao ushujaa, na wa pili huyaita mapenzi. Sisi tunadhani wote wawili wamemwacha mtoto peke yake. Mmoja amemwacha na uchungu wake, mwingine amemwacha bila nafasi ya kujua kwamba uchungu una mwisho.

Katika Hadithi sahihi imo habari ya mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik kwa mama. Alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye, na ndege yule akafa. Mtume (s.a.w.) alipoizuru nyumba ile alimkuta mtoto ana huzuni, akauliza kulikoni, akaambiwa. Basi akamwelekea mtoto, akamwita kwa kunia yake kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za ndege wake kwa maneno mepesi yenye vina. Tazameni alilolifanya na asilolifanya. Hakusema kwamba ni ndege tu. Hakuahidi kumletea mwingine. Hakumhubiria. Mtu aliyebeba mambo ya umma mzima aliketi na msiba wa mtoto kwa ukubwa ule ule ambao mtoto mwenyewe aliuona. Na wale wanaomkataza mtoto kulia kwa jina la subira, wakumbuke kwamba Nabii Yaakub (a.s.), aliyeahidi subira njema, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Machozi na subira vilikaa katika kifua kimoja.

Wataalamu wa zama zetu wamefikia mahali karibu na hapo kwa njia yao ndefu. Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watafiti walianza kuwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka huo, na wakaendelea nao hadi utu uzima. Mwanasaikolojia Emmy Werner, aliyeiongoza kazi hiyo pamoja na Ruth Smith, alitaka kujua huwa nini kwa watoto wanaokulia katika umasikini, katika ugomvi wa wazazi au katika nyumba yenye ugonjwa wa akili. Wengi wao walipata matatizo makubwa. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hao waliokuwa hatarini walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaowajali wengine. Walipochunguzwa, ilionekana kwamba kila mmoja alikuwa amepata walau mtu mzima mmoja aliyemshika kwa mapenzi yasiyoyumba. Naye si lazima awe mzazi. Aliweza kuwa bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Jambo jingine ni kwamba wengi wao walikuwa na kazi iliyotegemewa nyumbani, kama kumlea mdogo au kushika mambo ya jikoni. Tulipoyasoma hayo tulitabasamu kidogo. Walikuwa wakilieleza baraza.

Hapo kwenye kazi tutakaa kidogo, maana ndipo jamaa za ghorofani zinapopoteza zaidi. Mtoto wa Ruiru hana uwa wa kufagia wala duka la babu la kushika. Dada wa kazi hufanya yote, na mtoto huambiwa kazi yake ni kusoma. Maana yake ni kwamba siku aliyoanguka katika hesabu, ameanguka katika kila kitu, kwa kuwa hana pengine anapohitajiwa. Mpeni jambo ambalo likiachwa, nyumba nzima italihisi: uji wa asubuhi ya Jumamosi, kumshika mdogo wake mkono kwenda chuoni, kupima mchele, kuhesabu chenji ya mboga. Utaungua uji mara mbili tatu. Uleni hivyo hivyo. Mtoto aliyeunguza uji akaona jua limechomoza kesho yake, na sufuria amekabidhiwa tena, amejifunza somo ambalo hatulipati katika kitabu chochote cha shule.

Thika ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na mzazi wa mji huo ana mfano karibu naye. Mtoto asiyeona hufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe. Mwanzo hushika kiwiko cha mwalimu. Kisha mwalimu humwachia, akawa kando yake, kisha nyuma yake, kisha mbali kidogo. Fimbo hugonga ukuta. Mwalimu hakimbilii kumvuta, wala hamkemei kwa kutouona ukuta. Humngoja aupapase, atambue ni ukuta gani, na atafute upande wa kupita. Macho ya mwalimu hayamwachi hata dakika moja. Mzazi anaweza kuufuata mwendo huo huo. Mtoto akija na ugomvi wa rafiki yake, anaweza kumwuliza: “Unataka nikusikilize tu, au tufikiri pamoja la kufanya?” Mtoto hujua analolihitaji mara nyingi kuliko tunavyomdhania, na akijibu “nisikilize tu,” basi mama azuie ulimi wake. Kwa wengi wetu hilo ni zito kuliko kufunga Sita za Shawwal.

Lakini ziko kuta ambazo si za mtoto kuzipapasa. Msichana wa gredi ya tano anayechekwa kila siku kwa mtandio wake, au mvulana anayeitwa majina kwa sababu Kiswahili chake cha pwani hakifanani na Sheng ya wenzake, anaweza kufundishwa jibu fupi na kichwa cha kuinuliwa. Mara ya kwanza na ya pili, hilo latosha. Likiwa ni jambo la kila siku, au likiwa na mkono ndani yake, au akiwa mtu mzima ndiye anayelifanya, hapo mzazi huvaa viatu akaenda shuleni. Tumemsikia mama akiambiwa na jamaa zake, “Mwache, atakuwa jasiri.” Dhuluma haimfundishi mtoto ujasiri, humfundisha kwamba hana mtu.

Na kiboko ni katika hayo. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumtesa mwanafunzi mwili au akili. Sheria hiyo inahusu shule, lakini maalim na mzazi wa Kiislamu hawahitaji kungoja askari. Yuko baba atakayesema kwamba yeye alipigwa na akawa mtu. Tunamwomba akumbuke vyema: je, fimbo ndiyo iliyomfanya mtu, au ni yule bibi aliyempaka mafuta jioni ile?

Mitihani ndiyo inayozivunja nyoyo nyingi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mahali pake zimekuja tathmini za gredi ya sita na ya tisa chini ya mtaala mpya. Tuliambiwa kwamba mashindano yangepungua. Huenda yamepungua kwenye karatasi, lakini katika makundi ya simu ya wazazi matokeo bado husomwa kama khutba, na mtoto bado husikia jina la mtoto wa fulani. Ushauri wetu hapa ni mfupi: siku ya matokeo isiwe siku ya hesabu. Mtoto ale, alale, na maneno ya masomo yasemwe keshoye, mlango ukiwa umefungwa, bila jina la mtoto mwingine kutajwa.

Turudi kwenye baraza. Halihamishiki kwa lori, lakini vipande vyake vinahamishika. Bibi wa Malindi anaweza kupigiwa simu kila Jumapili baada ya Alasiri, mtoto akaachwa naye peke yake chumbani, mama asisimame mlangoni kumsahihisha. Maalim wa chuo cha mwisho wa wiki aelezwe kwamba mtoto amefiwa na babu yake, ili asimdhanie mvivu. Dada wa kazi naye aheshimiwe, kwa kuwa ndiye anayeuona uso wa mtoto mlango unapofunguka, mama akimwuliza kila jioni, “Leo alirudi na uso gani?”, atapata habari ambayo “poa” haitampa. Jirani wa orofa ya tatu, awe Mkikuyu au Mkamba, awe Mwislamu au asiwe, apelekewe sahani ya mahamri siku ya Idi na mtoto mwenyewe. Na likizo ya Disemba, nauli ya treni ya kwenda Mombasa isihesabiwe kuwa anasa.

Yapo mazito yanayozidi uwezo wa nyumba. Mtoto ambaye kwa wiki mbili na zaidi hali vyema, hataki kucheza alichokipenda, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anaumwa na tumbo kila asubuhi ya shule, au anasema heri asingekuwapo, asiambiwe anadeka. Wala asikimbiliwe kwa mganga. Na asomewe Qur’ani, ndiyo, kisha apelekwe hospitali ya Thika Level 5 au kituo cha afya kilicho karibu, na mzazi aseme waziwazi alichokiona. Iko pia nambari 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, inayopokewa usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na mzazi pia. Ibandikwe jikoni, kwa kimo ambacho mtoto na dada wa kazi wote wawili wanaweza kuisoma.