Nyumba ya mjane haijengwi kwa mabati na misumari pekee

KATIKA vijiji vinavyopakana na machimbo ya dhahabu ya Osiri, eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, na kuendelea hadi Homa Bay, asiye na makao ni nadra kuonekana akilala barabarani jinsi ilivyo mijini. Mara nyingi ni mjane aliyefukuzwa bomani na shemeji zake, akawa anajisitiri na watoto wake jikoni kwa jamaa au katika chumba cha kukodi sokoni.

Ukimwi, ambao uliathiri mno kaunti hizi mbili, uliongeza idadi ya wajane wenye umri mdogo. Wengi walilaumiwa kwa vifo vya waume zao, na wengine walitimuliwa kwa kukataa kurithiwa na ndugu wa marehemu.

Wahisani wanapotaka kumsaidia mama kama huyo, wazo la kwanza huwa kumnunulia mabati, mbao na misumari. Hata hivyo, kwa Waluo nyumba si jengo tu.

Kulingana na desturi, mwanamume anayeanzisha boma huenda mahali papya akiwa na jogoo, mwanawe wa kwanza akibeba shoka na mkewe akibeba moto. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, nazo nyumba za wavulana, ziitwazo simba, hujengwa karibu na lango hilo.

Kwa hiyo, mjane akijengewa penginepo, nje ya ardhi ya mumewe, huenda akapata paa lakini wanawe wakakosa mahali pa kujenga simba zao na pa kurithi. Tena, wapo wanaoamini kwamba nyumba iliyojengwa kinyume cha mila huleta chira, yaani laana, na majirani huweza kuiepuka pamoja na mwenyewe.

Ndiyo sababu swali la kwanza si ukubwa wa nyumba, bali ni ardhi ya nani na nani ameridhia. Tangu 2009, shirika la KELIN, linalotetea haki zinazohusu afya na Ukimwi, limekuwa likiwatumia wazee wa jamii katika Homa Bay na Kisumu kusuluhisha kesi za wajane waliopokonywa mali, na baadhi yao wamejengewa nyumba katika ardhi waliyorudishiwa.

Njia hiyo ina nguvu kwa kuwa mzee anayesimama mbele ya ukoo na kuonyesha mpaka wa shamba ndiye shahidi wa kesho mgogoro ukizuka tena. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi wa kijadi, ila kwa sharti kwamba usikiuke haki za kimsingi.

Sheria nayo iko upande wa mjane. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha, na kile cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi uondolewe. Chini ya Sheria ya Urithi, anayevuruga mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Suala la ardhi likishatatuliwa, ramani ya nyumba huwa rahisi. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana Nyatike huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo msingi hafifu hupasua kuta. Mifereji ya paa na tangi humpunguzia mama safari za mtoni. Choo kiwe karibu, mlango uwe na kufuli imara, na uwanja ubaki kwa simba za wavulana.

Nchini Ufini, sera iliyoanza 2008 humpa asiye na makao nyumba kwanza kwa mkataba wa upangaji ulio kwa jina lake, kisha huduma nyingine zikafuata. Nguzo yake ni uhakika kwamba hataondolewa.

Kwa mjane wa Osiri, uhakika huo hautoki kwa mwenye nyumba wala serikalini pekee. Hutoka kwa ukoo uliokubali mbele ya mashahidi, na kwa hati za urithi zilizotolewa na mahakama. Bila viwili hivyo, mabati mapya huwa kishawishi tu kwa yule aliyemfukuza mara ya kwanza.