Kompyuta ya Akiba kwa Kumbukumbu za Chama

Katika Bariadi na wilaya nyingine za Simiyu, mkulima wa pamba hulipwa kwa kadiri ya kilo zilizoandikwa siku ya kupima. Kumbukumbu hizo zikipotea, hubakiwa na stakabadhi yake tu, nayo stakabadhi huliwa na mchwa.

Chama chenye kompyuta hakina budi kuwa na ya pili ya akiba. Isikae chumba kimoja na ile kuu, kwani mwizi mmoja au radi moja itazimaliza zote. Kila jioni ya msimu, mizani ikishafungwa, kumbukumbu za siku zinakiliwe humo, na jumla ya kilo ilinganishwe na daftari la mizani.

Linalosahauliwa ni hili: kompyuta kuu ikirudi kutoka kwa fundi, isiandikiwe papo hapo. Zikiandikwa zote mbili, chama kitakuwa na hesabu mbili, na katibu hatajua ipi ya kweli. Kwanza ijazwe yote yaliyoingizwa katika ile ya akiba, ndipo ishike kazi.

Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Basi Aprili katibu aizime kompyuta kuu kwa makusudi, atoe orodha ya wanachama kutoka ile ya akiba pekee. Akishindwa, muda wa kurekebisha bado upo.