Malaika Waasi Kabla ya Gharika: Neno, Mahari na Nasaba

Mwandishi wa Kiswahili anayekusudia kubuni kisa cha malaika walioasi na kuchanganyika na wanadamu kabla ya gharika ya Nuhu hukabiliwa na tatizo tangu neno la kwanza. Malaika si jina tupu. Neno hili limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu pamoja na itikadi yake: Kurani (66:6) huwaeleza malaika kuwa hawamwasi Mungu, na Iblisi aliyekataa kusujudu hutajwa (18:50) kuwa ni miongoni mwa majini. Hata Haruti na Maruti wa Babeli (2:102) hawaitwi humo waasi. Kisa cha kuanguka kwao kwa ajili ya mwanamke kilikuzwa na wafasiri. Kwa msomaji wa pwani, basi, “malaika mwasi” ni maneno mawili yasiyokaa pamoja.

Riwaya imekwisha kuthubutu kuukaribia uwanja huu. William Mkufya, katika *Ziraili na Zirani* (1999), aliupeleka uasi dhidi ya mbingu hadi ulimwengu wa wafu. Lakini anayeubeba uasi huo ni Zirani, mwanadamu asiyeamini. Zama za kabla ya gharika ni uwanja mwingine.

Chimbuko la kisa ni aya nne tu za Mwanzo 6, zenye wana wa Mungu, binti za wanadamu, na Wanefili. Kilichokikuza ni Kitabu cha Henoko, ambacho kimehifadhiwa kizima katika Kigeez peke yake, na ambacho Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hukihesabu kuwa sehemu ya Biblia. Humo malaika 200 huteremka juu ya mlima Hermoni, hula kiapo, huoa. Nao watoto wao, majitu, humaliza mazao ya watu na kisha huwala watu wenyewe. Azazeli hufundisha kufua panga na kutengeneza mapambo. Huko Sigalagala, Kakamega, ambako chuo cha ufundi huwazoeza vijana kazi za vyuma, shitaka hili la mwisho huenda lingesikika geni kidogo!

Hata hivyo, ni katika nchi hiyo ya Waluhya ambako kisa kinaweza kupata uzito mpya. Ugomvi wa mbinguni haukukosekana katika masimulizi ya Waluhya. Günter Wagner, aliyefanya utafiti wake kati yao katika miaka ya 1930, alirekodi simulizi la Jua na Mwezi: Mwezi, aliyeng’aa zaidi, alionewa wivu na nduguye, wakashikana mieleka, hata Mwezi akabwagwa matopeni na kupungukiwa nuru yake, na Mungu akaingia kuwatenganisha. Yafaa itazamwe kwamba hapa hapana mtumishi aliyemwasi bwana wake. Kosa ni la ndugu kwa ndugu, na hukumu ni ya mzee wa boma.

Kwa jicho hilo, kitenzi cha Biblia ya Kiswahili (Union Version, 1952) chapata sauti nyingine: wana wa Mungu *walijitwalia* wake. Hapakuwa na mshenga, hapakuwa na ng’ombe, wala hakuna baba wa binti aliyeulizwa. Katika desturi ya Waluhya mahari si bei ya mke. Ndiyo humfunga mtoto na ukoo wa baba yake. Majitu, basi, ni watoto waliozaliwa bila ya ng’ombe kutoka, na swali la kwanza la kijiji lingekuwa: hawa ni wa nani? Mwandishi akilishika swali hili hatakuwa na haja ya kuazima majeshi na matarumbeta ya washairi wa Ulaya. Atawapata wahusika walionyamazishwa na Mwanzo na ambao Henoko naye hakuwapa nafasi kubwa, yaani wake wenyewe na wazazi wao. Pia atalikwepa lile tatizo la neno, kwa kuwa mkwe asiyetoa mahari anaeleweka Kakamega na Lamu vilevile, aitwe malaika au asiitwe.

Maandiko yenyewe hayaupingi usomaji huu. Sura ya 5 ya Mwanzo, inayotangulia kisa hiki, ni nasaba tupu: vizazi 10 tangu Adamu hadi Nuhu, kila baba kwa jina lake na miaka yake. Sura ya 6 inapowataja Wanefili haimtaji baba yeyote kwa jina.